Vidole Havisahau

Atupele Mwakyoma aliingia Kafe ya Enzi asubuhi, wazee wakiwa wamekwisha kuketi kila mmoja mbele ya mashine yake, akapita katikati ya meza bila kumwamkia mtu, akasimama mbele ya Tusekile na kumtemea mate usoni.

"Hayo ni ya baba yangu," alisema. "Yeye mwenyewe hana tena nguvu za kutema."

Tusekile alijifuta kwa mkono wa koti lake jeupe. Alimfahamu mwanamke huyo. Mwezi uliopita ndiye aliyemleta baba yake, Mzee Gwakisa, akimsukuma kwenye kiti cha magurudumu huku akimtania kwamba anakwenda kuwatafuta wasichana wake wa zamani. Leo alikuwa peke yake, kanga ameikaza kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana.

"Dada Atupele, twende ofisini tuzungumze."

"Ofisini siendi. Nataka wote wasikie." Akawageukia wazee. "Mnamkumbuka Gwakisa, aliyekuwa akikaa namba nne? Jana wamemchomoa kwenye mashine ya figo. Mizani imemshusha hadhi."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa Mizani ni nini. Kila mtu aliyekuwa hai Mbeya, na kwingineko kote nchini, alijua kwamba chochote alichoandika, tangu utotoni, kilisomwa na Mizani, kikapimwa, na yeye akapewa hadhi yake. Hadhi ndiyo iliyoamua utibiwe wapi, upangishwe nyumba gani, mwanao asome shule ipi. Vijana walikwisha kuzoea. Waliandika kwa tahadhari, kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua. Wazee tu ndio waliobaki na ujana usiopimwa, maana barua zao za kwanza zilikuwa zimefungwa nyuma ya maneno ya siri waliyokwisha kuyasahau.

"Nikawauliza," Atupele aliendelea, "mzee haoni vizuri, hatoki ndani, amekosa nini? Wakanisomea barua. Aliiandika akiwa na miaka ishirini na mbili, kwenye intaneti kafe hapa hapa mjini, akimdanganya mzungu mmoja kwamba ni yatima hana wa kumlipia ada. Kumbe baba yake yupo, mama yupo, ng'ombe wapo zizini. Basi huo ni utapeli. Zaidi ya nusu karne imepita, yule mzungu keshakufa, na baba yangu anahukumiwa leo! Barua ilikuwa imelala huko ilikolala. Nani aliiamsha? Huyu. Alimkalisha pale, akampigia hizo kelele zake, mpaka mzee akaandika neno la siri kwa mkono wake mwenyewe."

"Mimi sijasoma barua ya mtu," Tusekile alisema. "Hapa hatusomi barua za watu. Hii ni tiba ya kumbukumbu."

"Basi tiba yako imemuua."

Mzee mmoja wa mstari wa nyuma alipiga meza kwa kiganja. "Mtoeni huyo mwanamke! Muda wangu unakwenda!"

"Mtoeni!" akaitikia mwingine. "Sisi tumekuja kustarehe, matanga yao wayapeleke nyumbani kwao."

Enea, msimamizi wa zamu, alimshika Atupele mkono. Atupele aliuchomoa, akatoka mwenyewe. Mlangoni aligeuka akawatazama wale wazee mmoja mmoja, kisha akasema taratibu, "Msimcheke Gwakisa. Mko naye kwenye foleni."

*

Mchana huo Tusekile hakula. Alikaa nyuma ya kioo cha chumba chake akiitazama kazi ya mikono yake.

Alikuwa tabibu wa kumbukumbu, na kwa miaka mingi aliwahudumia wazee waliosahau hata majina ya watoto wao. Huko ndiko alikogundua jambo lililompa jina: kichwa husahau, vidole havisahau. Mkalishe mzee kwenye benchi la mbao lisilo na egemeo. Mwekee mbele kompyuta ya chogo, ile nene ya zamani, impulizie joto usoni na harufu ya vumbi linaloungua. Mpe kibodi iliyofutika herufi. Washa feni inayolia. Kisha piga sauti ya modemu ikitafuta njia, ule mlio wa jogoo anayekabwa shingo, na mtu apaze sauti kutoka kaunta, "Namba sita, dakika tano zimebaki!" Hapo mzee asiyejua leo ni siku gani ataweka vidole juu ya kibodi, na vidole vitakwenda vyenyewe. Vitaandika anwani yake ya kwanza. Vitaandika neno la siri. Na sanduku la barua litafunguka, kila barua ikiwa mahali alipoiacha.

Anwani zenyewe zilikuwa kichekesho. Mkufunzi wa dini mwenye mvi alijiita zamani kijana_hatari. Bibi wa wajukuu kumi na kitu alikuwa asali_ya_rungwe. Walikuwa wakizisoma kwa sauti na kucheka mpaka machozi. Gwakisa naye alicheka hivyo hivyo, akazikuta barua za rafiki yake waliyekuwa wakigawana naye dakika za mashine moja, huyu akiandika, yule akingoja nyuma yake. Alimshika Tusekile mkono akambusu vidole. "Mwanangu, umenirudishia miguu," alimwambia. Tusekile alikwenda nyumbani siku ile akiimba.

Barua hizo Kampuni ya Enzi ilizinunua kutoka kwa makampuni ya kale yaliyokufa, ikazihifadhi nyuma ya jengo kwenye matofali ya chumvi, yaliyotunza maandishi ndani yake kama diski za zamani. Sheria ilisema nakala iwe moja tu, na sanduku asilifungue mtu isipokuwa mwenyewe, kwa mkono wake. Tusekile alikuwa akiitaja sheria hiyo kwa fahari kila alipowapokea wageni. Sasa aliitazama kwa upande wake wa pili. Kama kufuli linafunguliwa na mwenyewe tu, mtu anayetaka kuingia afanye nini? Amtafute mwenyewe, amkalishe vizuri, ambembeleze afungue.

Akavua koti, akapanda ngazi kwenda kwa mkuu wake.

*

Daktari Pendaeli Mmari alikuwa akila parachichi kwa kijiko. Hakuliweka chini.

"Nimesikia umetemewa mate," alisema. "Pole. Nitaongeza mlinzi."

"Masanduku yakishafunguliwa, Mizani inayasoma?"

"Inayasoma."

Alilisema kwa wepesi, akachota kijiko kingine.

"Ulifikiri nani anagharimia hizi mashine za chogo?" Mmari aliuliza. "Wazee wenyewe? Serikali ina mamilioni ya watu ambao nusu ya maisha yao haijulikani. Sisi tunaijulisha. Mzee anapata ujana wake, Mizani inapata haki yake. Hakuna aliyeshikiwa kisu."

"Hawakuambiwa."

"Waliambiwa. Kila mmoja aliitikia 'nakubali' alipoingia."

"Mzee asiyejua jina la mwanawe aliitikia nini?"

Mmari alikwangua ganda la parachichi. "Tusekile, mtu aliyetapeli alitapeli. Ungekuwa wewe ndiye yule mzungu ungesemaje?"

"Watu wetu wana msemo: mla ni mla leo, mla jana kala nini?"

"Na Mizani ina wake: mla jana ndiye anayekula leo." Aliweka kijiko chini hatimaye, akamtazama bila uadui wala urafiki. "Masanduku yaliyokwisha kufunguliwa ni mengi kuliko uwezo wa kusoma. Yanasomwa kwa zamu. Ukitaka kuwaambia wazee, waambie. Waliofungua hawawezi kufunga tena, na ambao hawajafungua utawanyima furaha ya mwisho. Lakini ukiondoka hapa, kumbuka na wewe una hadhi. Mama yako pia. Kile kifaa cha moyoni mwake kinachajiwa hospitali ya mkoa kila mwezi, au nimekosea?"

"Unanitisha?"

"Nakukumbusha. Si ndiyo kazi yetu?"

Tusekile aliuliza jambo moja tu kabla ya kutoka: kama sanduku la mtu mmoja laweza kuondolewa kwenye matofali likaharibiwa peke yake. Mmari alicheka. Barua za kila mtu, alisema, zilikuwa zimesambazwa punje punje kwenye chumvi yote, kama sukari kwenye chai. "Utamtoaje mmoja? Labda umwage chai."

*

Mama yake, Subilaga, aliishi Uyole katika nyumba ile ile aliyomlelea. Tusekile alimkuta jikoni akichochea moto, shuka la baridi mabegani. Akasalimu, "Shikamoo mama." Kikongwe aliitikia bila kugeuka.

"Kesho ni zamu yangu," alisema. "Enea amenipigia. Ungekuwa mtoto mwenye akili ungenipangia tangu siku ya kwanza, lakini nimengoja foleni kama mtu asiye na mwana."

"Mama, hutakwenda."

Ndipo Subilaga alipogeuka.

Tusekile alimweleza yote: Gwakisa, Mizani, foleni. Alieleza kwa haraka, akiwa amesimama, kwa sababu hakukaribishwa kiti. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja ukiwa umeshika kijiti cha kuchochea moto.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa nisikilize mimi. Baba yako alikwenda migodini kusini mimba yako ikiwa na miezi mitatu. Simu za kimataifa zilikuwa ghali, kwa hiyo kila Jumamosi aliingia kafe ya kule, mimi naingia kafe ya hapa, tunaandikiana. Jumapili moja wakaja watu wa mgodi kwa baba mkwe kusema ardhi imemfunika yeye na wenzake. Jumamosi iliyotangulia ajali mimi sikuwa nimekwenda kafe, nilikuwa naumwa. Unanielewa? Yeye alikwenda. Hakuna Jumamosi aliyokosa. Kuna barua mle ndani ambayo sijaisoma. Baada ya msiba sikuweza kukanyaga kafe, na nilipoweza, nilikuwa nimesahau neno la siri. Nimelitafuta kichwani maisha yangu yote."

Tusekile hakuwahi kuambiwa habari ya barua hiyo. Baba yake kwake alikuwa picha moja iliyofifia na jina, Anyelwisye. Hakuwa na hata neno moja lake.

"Mama, wewe uliandika nini humo?"

"Niliandika mengi. Walipomkata baba yako mshahara, niliwaandikia wenye mgodi kwamba nitawachoma moto na watoto wao. Nilimsaidia shoga yangu kutoa mimba, nikayaandika yote. Nilikuwa na miaka ishirini na tano na mdomo mrefu."

"Basi watakushusha. Kifaa chako hakitachajiwa. Utakufa."

"Moyo ni wangu."

"Nitakuzuia."

Subilaga alisogea karibu. Alikuwa mfupi kuliko bintiye kwa kichwa kizima, lakini Tusekile ndiye aliyerudi nyuma.

"Ulipokuwa mdogo kila mwanamume aliyeingia mlango huu ulilia mpaka akaondoka. Nikakubali, nikabaki na mume mmoja, marehemu. Leo na huyo unataka kuninyima?" Alitupa kijiti motoni. "Nenda kalale kwako. Na kesho ukinikuta pale, usinijue."

*

Asubuhi Tusekile alizima sauti ya modemu, akasimama kaunta, akawaambia wazee ukweli wote.

Alikuwa ametarajia kilio, labda shukrani. Alichopata kilikuwa kelele. Wanaume wawili waliinuka wakataka masanduku yao yafungwe papo hapo, na walipoambiwa haiwezekani, mmoja alimwita mchawi. Mama mmoja alisema, "Yaani ulikuwa unajua, ukatungoja mpaka tumefungua?" Mwingine akasema hayo yote ni uongo, Tusekile anawaonea wivu kwa sababu kizazi chake hakikuwahi kuandika barua ya mapenzi bila kuogopa. "Nisomwe!" alifoka yule mzee wa mstari wa nyuma. "Washa mlio wako, mimi nina barua ya kumalizia!"

"Na sisi tusiotaka?"

"Msiotaka tokeni!"

Wakaanza kurushiana maneno, wazee wa watu, fimbo zikigonga sakafu. Katikati ya fujo ile Bibi Sekela alibaki ameketi namba moja akitabasamu. Akili yake ilikwisha kuondoka zamani. Alikuwa akiletwa kila wiki na wajukuu kutoka wodi ya hospitali alikolazwa. Vidole vyake viliendelea kubonyeza, akifungua barua, akifunga, akifungua. Alimtazama Tusekile kwa upendo mtupu, akasema, "Mtandao leo una kasi, mama."

Huyo ndiye aliyemkalia Tusekile rohoni. Wanaotaka wanataka, wasiotaka hawataki, lakini huyu hataulizwa na mtu, na atakapofukuzwa wodini hatajua kwa nini.

Mmari alishuka ngazi. Hakupaza sauti. Alimwambia Enea awashe modemu, amtoe Tusekile nje na kumnyang'anya koti. Enea alimfikia akiwa na haya usoni. "Nipe tu, dada," alinong'ona. "Usinitie matatani." Tusekile alivua koti akampa, akasema anakwenda kuchukua mkoba wake nyuma. Enea alimwachia, maana walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu.

Ukiacha mlango wa kafe, korido ya nyuma ilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikwenda nje. Mwingine ulifunguka kwa kiganja cha watu wachache, na kiganja chake bado hakikuwa kimefutwa.

Chumba cha chumvi kilikuwa kikavu hata midomo ilipasuka. Matofali yalipangwa mpaka darini, ya kijivu chenye wekundu kidogo, na nuru nyembamba ilipita ndani yake kama mishipa. Kila tofali lilikuwa na sehemu ya kila mtu. Hapakuwa na bomba humo; chumvi na maji havikai pamoja. Lakini koridoni, karibu na mlango, ulining'inia mpira mwekundu wa zimamoto. Tusekile aliuvuta. Ulikuwa mzito, ukamwangusha goti moja, akanyanyuka.

Kwenye mlango wa korido palikuwa na kioo kidogo cha kutazamia upande wa kafe. Hakukusudia kutazama. Alitazama.

Mama yake alikuwa ameingia. Alikuwa amevaa gauni la kijani lililotunzwa sandukuni, limemzidi mwili. Enea alimshika kiwiko akamketisha namba nne. Mmari mwenyewe alisimama kando, mikono nyuma, kama mwenye harusi. Modemu ikalia. Subilaga aliweka vidole juu ya kibodi, akafumba macho.

Tusekile alishika koki ya mpira. Kama angengoja kidogo, muda wa kusoma ukurasa mmoja tu, mama yake angeipata ile barua. Lakini sanduku likishafunguka litaingia foleni, na Enea atakuja kumtafuta, na kiganja chake kitafutwa, na Bibi Sekela atakuwa bado pale akibonyeza. Mama alikuwa amesema wazi anachotaka. Alikuwa na akili timamu. Ni nani aliyempa binti haki ya kumchagulia mama yake kati ya moyo na mume?

Vidole vya Subilaga vilianza kwenda. Havikukosea hata herufi moja. Uso wake ulifunguka ukawa uso wa msichana ambaye Tusekile hakuwahi kumwona, akainamia kioo, midomo ikitembea.

Tusekile alifungua maji.

Mwanzoni matofali yalistahimili. Yalitoa jasho tu. Kisha pembe zake zikalainika, zikawa kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni, na mstari wa chini ukaketi kwa sauti laini, wa juu ukaufuata. Nuru ndani yake ilikatika tofali baada ya tofali. Maji meupe yalimfika vifundoni, yakamrukia na kumchoma michubuko ya goti, yakapita chini ya mlango kuelekea kafe. Aliendelea kushika mpira kwa mikono miwili, akilia kwa sauti bila kujali nani anasikia, na alijua kabisa kwamba katika maji yale, mahali fulani, baba yake alikuwa akipita.

Kutoka upande wa pili alisikia vilio vya watu wengi, na kimoja alichokijua.

*

Mahakamani wazee walikuja kwa magari mawili, na hawakuja kumtetea. Yule wa mstari wa nyuma alisema kwamba amezika wake wawili na hakuna aliyemuumiza kama mwanamke huyu. Waliotaka masanduku yao yafungwe hawakufika. Walikuwa wamepona, hawakutaka kuonekana wakifurahi. Mmari alitoa ushahidi wake kwa utulivu, akasema Kampuni haina kinyongo, itafungua kafe nyingine Tanga, matofali yenye barua za watu wengine yapo. Hakimu alimwonya ajibu alichoulizwa.

Gwakisa alikuwa amekwisha kuzikwa. Kile ilichokwisha kumsoma, Mizani haikukisahau. Atupele alihudhuria siku ya hukumu akiwa na nguo nyeusi. Walipopishana mlangoni Tusekile alisimama, akidhani atatemewa tena. Atupele alimtazama tu.

"Ungefanya mapema," alisema, akapita.

Hadhi ya Tusekile ilifutwa, utabibu akanyang'anywa, akapelekwa shamba la magereza kupalilia pareto hadi mvua mbili zipite. Wenzake walipopata wageni yeye alilala. Mama yake hakuja. Alisikia kwa watu tu kwamba yu mzima, kwamba hospitali haikuwa na lolote dhidi yake, kwamba kila mwezi anakwenda na kurudi kwa miguu yake.

Alipoachiwa alikwenda moja kwa moja Uyole. Mlango ulikuwa wazi. Subilaga alikuwa jikoni, amekonda, chungu kikitokota mbele yake.

"Shikamoo mama."

Kikongwe hakuitikia. Alimwacha asimame pale kizingitini na kifurushi chake, akakoroga chungu, akaonja, akaongeza maji kidogo. Moshi uliwapitia wote wawili.

"Ilikuwa juu kabisa," Subilaga alisema hatimaye, akiongea na chungu. "Imekolezwa wino, kama zilivyokuwa barua ambazo hazijasomwa. Niliifungua. Mashine ile ilikuwa ya polepole, ilileta mstari mmoja mmoja, kama zamani. Anasema hajambo. Anasema kule baridi. Anauliza tumbo langu limekuwa kubwa kiasi gani."

Tusekile aliziba mdomo kwa mkono.

"Halafu anasema: 'Subi, siku ile stendi kuna jambo nilishindwa kukuambia. Nataka ulisikie kwangu mimi kabla hujalisikia kwa watu. Ni kuhusu…'" Aliweka mwiko chini. "Hapo kioo kikawa cheupe."

"Mama…"

"Miaka yote hii nilikuwa nalala, Tuse. Nilikuwa na mume aliyekufa akinipenda, nikajifunika naye. Sasa silali. Nalala chali nauliza, ni kuhusu nini? Alikuwa na mwanamke? Alikuwa mgonjwa? Alikuwa harudi? Au lilikuwa jambo dogo, jambo la kuchekesha, nami namtukana marehemu bure kila usiku?" Sasa alimtazama bintiye, na macho yake yalikuwa makavu. "Wewe ni tabibu wa kumbukumbu. Niambie. Ni kuhusu nini?"

Tusekile alitafuta jibu. Alitaka kusema kwamba yu hai, kwamba Bibi Sekela bado analala wodini kwenye shuka safi, kwamba wako watu mjini wanaozeeka kwa amani bila kujua kwa nini. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

"Sijui, mama."

Subilaga alitikisa kichwa, kama mtu aliyepiga hodi mahali alipojua hapana watu. Aliipua chungu. Akachukua sahani moja rafuni, akapakua, akaketi kwenye kigoda mgongo ukiuelekea mlango, akaanza kula.